Maziwa ya Jioni na Maembe ya Shambani

Ndugu wakulima, kila mwaka kuanzia Desemba hadi Machi maembe huiva kwa wingi hapa Machakos. Mengi huuzwa, lakini mengine huanguka yakaoza chini ya mti, na nzi wa matunda wakazaliana humo. Na maziwa ya jioni, ambayo mara nyingi hayana gari la kuyachukua, hubaki nyumbani. Vitu hivi viwili vikikutanishwa hutoa chakula kitamu cha baridi: kastadi ya malai na matunda. Wengine hudhani hiki ni chakula cha hoteli tu. Sivyo.

Hivi karibuni nilifuatana na mama wa Idara ya Kilimo kwenda Vilima vya Mua, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wakulima wadogo katika miaka ya 1960. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya kina mama waliohudhuria. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, niliandika na somo lenyewe.

Kwa watu sita yatakiwa maziwa lita 3 yasiyotolewa malai, unga wa kastadi vijiko vikubwa 3, sukari vijiko vikubwa 3, maembe 2 yaliyoiva na pasheni 4.

Kwanza, jioni chuja maziwa, yachemshe mpaka yafure, kisha punguza moto yatokote polepole kwa dakika 10. Usiyakoroge tena. Weka sufuria ndani ya karai la maji baridi, funika kwa kitambaa safi, na yakipoa yaweke mahali pa baridi usiku kucha.

Pili, asubuhi toa malai yaliyoganda juu, uyaweke katika bakuli safi lenye kifuniko.

Tatu, pima nusu lita ya maziwa yaliyobaki. Kwa maziwa kidogo ya baridi, koroga unga na sukari mpaka pasiwe na madonge. Chemsha yale mengine ya nusu lita hiyo, yamimine humo, kisha rudisha yote motoni ukikoroga mpaka yawe mazito. Ipua, uache ipoe kabisa, ndipo uchanganye na malai. Ukichanganya ikiwa moto, mafuta ya malai yatayeyuka na kuelea juu. Mimina katika vikombe, funika, uweke penye baridi mpaka baada ya chakula cha mchana. Maziwa yanayobaki yafaa kwa chai na uji.

Nne, kata maembe na kumwagia pasheni juu wakati wa kula tu. Ukitumia papai au nanasi, angalia sana: matunda hayo yakikaa juu ya maziwa huyavunja na kuyafanya machungu. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga papai juu ya kastadi asubuhi. Wageni walipofika saa kumi walikuta maji machungu, nikawapa chai.

Asiye na friji atengeneze kabati la makaa. Jenga fremu ya mbao, uizungushie nyavu mbili za waya zenye nafasi ya kama sentimita 10 kati yake, ujaze makaa humo. Liweke kivulini penye upepo na uyaloweshe makaa kila yanapokauka. Maji yakikauka huchukua joto, kama ufanyavyo mtungi wa maji ya kunywa. Wakati wa ukavu hufanya kazi vizuri kuliko wakati wa mvua. Lakini halifikii baridi ya friji. Kwa hiyo kastadi iliwe siku ile ile.

Mama mmoja aliuliza, “Malai ya maziwa mabichi ni mazito zaidi. Kwa nini nichemshe?”

Kabla mwalimu hajajibu, mama mwingine alisimama. Alisema mumewe alitibiwa malaria kwa miezi mitatu, homa ikienda na kurudi, viungo vikimuuma, mpaka damu ilipopimwa ikaonekana ni bruselosi, ugonjwa ambao hufanya ng'ombe kutupa mimba na humpata mtu kwa maziwa mabichi. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja wakati huo. Majirani walipanda, shamba lao lilikaa bure, na mwaka ule walinunua mahindi hata ya muthokoi.

“Tulikuwa tukipenda malai mabichi,” akasema, kisha akaketi. Hakuna aliyeuliza tena.

Basi, ndugu zangu, chemsheni maziwa kwanza, hata kama ng'ombe aonekana mzima. Na ng'ombe akitupa mimba, msishike kilichotoka kwa mikono mitupu. Mwiteni daktari wa mifugo mara moja. Kinga ni bora kuliko tiba. Mkiisha kufanya hivyo, wapeni watoto kastadi yao, na maembe yasiozee tena chini ya mti.