Boila ya Shule Imezeeka: Tubadilishe Lini, na Pesa Zitoke Wapi?

Asubuhi za Kitale ni baridi, mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma kuna joto kidogo, lakini huko nako mtoto wa bweni anataka uji kabla ya masomo. Shule ikiwa na boila kuukuu ya kuni, wazazi wanaujua wimbo wake: inavuja, inazibwa, inavuja tena. Tuitengeneze au tununue nyingine?

Msomaji mpendwa, usikimbilie dukani. Kwanza fundi aifungue aisafishe. Maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya tangi, na ukoko huo huzuia joto lisifike kwenye maji. Angalia kuni pia. Mti uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na moto hupoteza nguvu kuyakausha. Kuni zilizopasuliwa na kuwekwa chini ya mabati miezi kadhaa huokoa pesa.

Lakini tangi likiliwa na kutu, kiraka juu ya kiraka ni kutupa pesa. Na kama boila ni ya mvuke wenye shinikizo, msicheze: msizibe vali ya usalama hata siku moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila za mvuke zikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Akisema basi, ni basi.

Sasa tupige hesabu, kwa mfano tu. Kuni zinakula shilingi 60,000 kwa mwezi. Boila mpya ya 360,000 inapunguza theluthi moja, yaani 20,000. Kwa miezi 9 ya masomo hiyo ni 180,000. Kumbe baada ya miaka 2 imejilipa! Ikichukua miaka 10 kujilipa, tengenezeni ya zamani kwanza, mradi ni salama.

Pesa zitoke wapi?

1. Akiba. Wekeni kidogo kila muhula kabla haijaharibika. Hii ndiyo njia ya bei nafuu.

2. Mkopo. Ulizeni riba inahesabiwaje. Asilimia 12 kwa mwaka juu ya 360,000 yote, kwa miaka 2, ni 86,400. Riba ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, mkilipa kila mwezi, ni kama 46,000 hivi. Tofauti hiyo ni kuni za wiki kadhaa.

3. Harambee. Iiteni baada ya mavuno ya mahindi, kuanzia Oktoba, mzazi akiwa na kitu mfukoni. Fundi naye afanye kazi Desemba, bweni likiwa tupu.

Msimtwishe mtoto mzigo huu. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule ya umma haitozi malipo ya ziada bila idhini ya Waziri, na mtoto hakataliwi darasani kwa sababu hayajalipwa. Boila inunuliwe ili mtoto anywe uji, siyo ili arudishwe nyumbani.

Katika mkutano ujao wa wazazi, uliza maswali mawili: kuni za muhula uliopita ziligharimu ngapi, na viraka ngapi? Asiyeziba ufa hujenga ukuta.