Maji ya Moto ya Nyumbani kwa Boila la Mvuke

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jinsi watu wa nchi za baridi wanavyopata maji ya kuogea na kuoshea vyombo kwa boila la mvuke, na jinsi ya kuyapata bila kuteketeza mafuta bure. Mambo haya ni ya mbali, lakini kanuni zake ni zile zile zinazotawala sufuria za jikoni kwetu.

Kaskazini ya Marekani, katika miji kama New York, Boston na Chicago, baridi ya Januari hugandisha maji, na nyumba isiyo na moto ni hatari kwa uhai. Kwa hiyo nyumba nyingi zilizojengwa huko mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zina boila katika chumba cha chini kabisa. Boila ni chombo kizito cha chuma, chenye maji, na juu ya maji hayo pana nafasi ya mvuke. Zamani moto wake ulikuwa wa makaa ya mawe. Siku hizi ni wa mafuta au gesi. Mvuke hupanda kwa mabomba hata vyumbani, huingia katika vyuma vipana vilivyowekwa ukutani, hupoa, hugeuka kuwa maji tena, nayo maji hushuka kurudi katika boila.

Basi mwenye nyumba hujiuliza: kwa kuwa moto upo tayari, je, boila hili haliwezi kunipa na maji ya kuoga? Laweza. Lakini ziko njia za hasara na njia za faida, na ili kuzipambanua yatupasa kujua tabia ya mvuke.

Tukikiita kipimo kimoja lile joto linaloongeza lita moja ya maji kwa digrii moja ya Sentigredi, basi kuyapeleka maji hayo toka digrii 20 hata digrii 100 kwahitaji vipimo 80. Lakini kuyageuza yote kuwa mvuke kwahitaji vipimo 540 zaidi, karibu mara saba ya vile vya kwanza. Joto hilo halipotei, maana mvuke ukigusa chuma baridi hulitoa tena. Ndiyo sababu wafaa sana kwa kupasha vyumba. Lakini maji ya kuoga hayahitaji mvuke hata kidogo. Anayefanya mvuke wakati wa joto ili apate ndoo mbili za maji, hupeleka joto vyumbani ambako halitakiwi, na jingine hutoka kwa dohani.

Njia ya kwanza, iliyo ya zamani, ni kutia bomba la shaba nyekundu lililozungushwa kama nyoka ndani ya boila, katika maji yake. Maji safi hupita ndani ya bomba hilo, nayo hupata moto pale pale mtu afunguapo mfereji. Njia hii si ghali kuiweka. Ubaya wake ni kwamba boila zima, pamoja na uzito wake wote wa chuma, sharti likae la moto mchana na usiku, hata mwezi wa Julai, likingoja mtu mmoja anawe mikono. Tena, mahali penye maji magumu, ukoko mweupe hujijenga ndani ya bomba na kuyazuia maji.

Njia ya pili ni bora. Huwekwa tangi kando ya boila, nalo huvikwa kitu kinene cha kuzuia joto. Pampu ndogo huvuta maji ya boila toka chini ya usawa wa maji, wala si mvuke wa juu, na kuyapitisha katika bomba la kuzunguka lililo ndani ya tangi, kisha huyarudisha. Kipima joto huuzima moto maji ya boila yafikapo digrii 80 hivi. Hivyo hayachemki, wala mvuke haupandi vyumbani. Tangi likiisha kupata joto, boila hupumzika kwa saa nyingi. Maji ya boila yana kutu, kwa hiyo hayachangamani kamwe na maji ya kuoga. Kinachopita kati yao ni joto tu.

Njia ya tatu ni kulizima boila kabisa wakati wa joto, na kutumia chombo kidogo cha peke yake. Siku hizi viko vyombo vya umeme vinavyochota joto katika hewa na kulitia majini, navyo hutoa joto mara mbili au tatu ya umeme vinavyokula.

Lakini kupunguza matumizi ya mafuta kusitupeleke katika hatari. Maji ya vuguvugu yakaayo tangini huweza kuzaa vijidudu vya ugonjwa wa mapafu uliotambulikana mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka 1976. Kwa hiyo hushauriwa tangi likae kwenye digrii 60. Hata hivyo maji ya digrii 60 humwunguza mtu vibaya kwa muda wa sekunde tano tu. Basi hutiwa kilango cha kuchanganya maji baridi, ili yafike mferejini yakiwa chini ya digrii 50.

Hatari kubwa zaidi ni ya boila lenyewe. Tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu lilipasuka mjini Brockton, katika Massachusetts, wakafa watu 58. Ndipo zilipotungwa sheria, na kanuni za wahandisi wa Marekani za kutengeneza maboila zikatolewa mwaka 1915. Boila la nyumbani sharti liwe na vali ya usalama, inayofunguka yenyewe kabla nguvu ya mvuke haijazidi ratli 15 kwa kila inchi ya mraba, na kioo cha kuonyesha maji. Maji yakikauka ndani na chuma kikawa cha moto sana, mtu asitie maji baridi kamwe. Azime moto, angoje lipoe.

Nasi tusio na boila tunayo ya kujifunza. Anayetaka maji ya kuoga na ayaondoe motoni kabla hayajachemka. Ayafunike yapatapo joto, maana mvuke unaotoroka huondoka na kuni zake. Na akiyaweka, ayavike kitu kinene. Maji ya kunywa peke yake ndiyo yachemke hasa, kwa kuwa hapo twatafuta usalama, si joto.