Daftari Moja, Kompyuta Mbili

Ofisini mwetu mna kompyuta ya zamani na mpya, na zote zataka daftari moja la majina na alama za wanafunzi. Access ya mwaka 2003 haiwezi kufungua faili za aina ya accdb, zilizoletwa na Access 2007. (Sisi tulidhani kompyuta imeharibika!) Dawa ni kuligawa daftari. Majedwali yenye habari hukaa katika faili moja ya mdb, aina ya kale, ambayo Access mpya nayo huisoma. Fomu na ripoti hukaa mbali, kila kompyuta na faili yake, nazo huunganishwa na majedwali yale. Lakini jihadharini: mtu akiyageuza majedwali kuwa accdb, karani wa kompyuta ya zamani hazioni alama tena. Wekeni nakala kwanza.