Genshin Impact: Ulimwengu mpana usioomba kitambulisho, lakini wenye bei yake

KIJANA wa Garissa anayefungua kwa mara ya kwanza mchezo wa video wa Genshin Impact katika rununu yake hukutana na jambo ambalo wazazi wake hawakulijua ujanani mwao. Mbele yake imetandazwa nchi pana anayoweza kuizunguka atakavyo, bila kizuizi cha barabarani wala afisa wa kumtaka kitambulisho.

Uhuru huo hata hivyo una bei, na bei yenyewe haijaandikwa mlangoni. Ni vyema mchezaji mpya, pamoja na mzazi anayemnunulia rununu na bando, aelewe mapema kile kinachomvutia na namna kinavyolipiwa.

Mchezo huo ulitolewa Septemba 28, 2020 na kampuni ya miHoYo yenye makao yake jijini Shanghai, Uchina, na tangu wakati huo umekuwa ukiongezewa nchi mpya. Hupakuliwa bila malipo katika rununu na tarakilishi, na pia huchezwa kwa mitambo ya michezo kama vile PlayStation.

Ni mmojawapo wa michezo ya uigizaji katika ulimwengu wazi. Uigizaji maana yake ni kuwa mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, akamkuza kutoka unyonge hadi ushujaa kwa kumpa silaha, ujuzi na wenzake wa safari. Ulimwengu wazi nao maana yake ni kwamba hakuna njia moja aliyolazimishwa kuifuata. Mlima unaoonekana kwa mbali si picha ya ukutani. Mwenye subira anaweza kuufikia na kuukwea hadi kileleni.

Si mchezo pekee wa namna hiyo. Skyrim ya kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoka 2011, Breath of the Wild ya Nintendo ya Japani ikafuata 2017, na Elden Ring, pia ya Japani, ikatoka 2022. Tofauti ni kwamba hiyo ilihitaji tarakilishi yenye nguvu au mtambo wa bei ghali, ilhali Genshin Impact iliingia katika rununu, chombo ambacho tayari kimo mfukoni mwa kijana.

Saa ya kwanza

Hadithi inaanza kwa msiba. Pacha wawili, wa kiume na wa kike, wanasafiri baina ya dunia mbalimbali. Mungu asiyejulikana anawazuia njiani na kumteka mmoja wao. Mchezaji huchagua ni yupi atakayebaki, na huyo aliyebaki anazinduka katika nchi ya ugenini iitwayo Teyvat, akiwa na upanga mmoja tu na kiumbe mdogo anayeelea hewani, Paimon, ambaye ndiye kiongozi na msemaji wake.

Muda mfupi baadaye msafiri anagusa sanamu ya kale na kupata nguvu za upepo, na baada ya hapo anaelekea Mondstadt, mji unaosumbuliwa na joka. Njiani anajifunza mambo ambayo hakuna anayemweleza kwa kirefu. Nyasi hushika moto. Maji yakikutana na baridi huganda, na adui aliyelowa hudhurika zaidi kwa umeme. Nguvu za asili ziko saba, na vita huamuliwa kwa jinsi zinavyochanganywa.

Jambo jingine analoligundua ni kwamba karibu kila ukuta na jabali vinapandika, ila pumzi za mhusika zina kikomo. Zikimwishia katikati ya jabali ataporomoka. Zikimwishia majini atazama. Adhabu ni ndogo, kwani mchezo humrudisha mahali salama akajaribu tena.

Hapo ndipo ilipo mvuto wa mwanzo. Mchezaji anayekusudia kwenda mjini huona kijisanduku kando ya njia, akiwa huko huona moshi wa kambi ya maadui, na kutoka kambini huona kilele kinachong'aa. Saa mbili hupita na mjini hajafika. Watengenezaji wamepanga vitu hivyo kwa makusudi, kila kimoja mahali ambapo jicho litakiona kutoka kwa kile kilichotangulia.

Nchi ya kutembea

Kwa mkazi wa Kaskazini Mashariki, mchezo wa kutembea nchi pana una maana ya pekee. Wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera wameishi kwa kusoma ardhi: kujua kisima kipi kina maji, mawingu yameelekea wapi, na malisho yaliyo mbele yanastahimili ngamia wangapi. Elimu ya kutazama upeo wa macho na kuamua pa kwenda si ngeni kwao.

Kilicho kigeni ni uhuru wa kwenda. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, eneo hilo liliwekwa chini ya hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walitakiwa kuhojiwa na kubeba kadi ya ziada kuthibitisha uraia wao. Uhakiki wa ziada kwa vijana wa mipakani wanaoomba kitambulisho uliendelea kulalamikiwa kwa miaka mingi, hadi Rais William Ruto alipotia saini agizo la kuukomesha akiwa Wajir, Februari 2025.

Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa 1991 katika Kaunti ya Garissa, hali imekuwa ngumu zaidi. Wamo vijana waliozaliwa humo na kukulia humo, na kwa miaka mingi mkimbizi amehitaji kibali ili atoke kambini na kusafiri kwingineko nchini.

Haifai basi kumdharau kijana anayetumia jioni nzima kutembeza mhusika wake mlimani. Anachokipata humo ni kitu ambacho watu wa eneo lake wamekinyimwa kwa muda mrefu. Lakini haifai pia kusahau kwamba ni picha. Aprili 2024, wakati wa mafuriko ya Mto Tana, mashua ilipinduka Kona Punda, karibu na mji wa Garissa, na watu wakafa maji. Hao hakuna wa kuwarudisha ufukoni wajaribu tena.

Bei isiyoandikwa mlangoni

Gharama ya kwanza ni ya chombo na bando. Katika rununu, mchezo huu sasa huhitaji nafasi ya zaidi ya gigabaiti 20, na kila baada ya wiki kadhaa huja nyongeza inayopaswa kupakuliwa. Hauchezeki bila intaneti, hata kama mchezaji yuko peke yake. Sava zake zimegawanywa kwa ajili ya Amerika, Ulaya, Asia, na moja ya Taiwan, Hong Kong na Macao. Afrika haina yake, na kwa hivyo amri ya kidole cha kijana wa Garissa husafiri ng'ambo kabla ya upanga kuinuka.

Gharama ya pili ndiyo inayohitaji uangalifu. Wahusika wengi hawapatikani kwa ushujaa bali kwa kura. Kila kura hugharimu vito 160 vya mchezo, ambavyo huchumwa polepole kwa kucheza au hupatikana kwa haraka kwa kulipa fedha. Katika hatua za mwanzo vito hutolewa kwa ukarimu, na mchezaji huzoea furaha ya kufungua bahati yake. Baada ya wiki kadhaa ukarimu hupungua.

Uwezekano wa kumpata mhusika wa daraja la juu katika kura moja ni asilimia 0.6, yaani mara 6 katika kura 1,000. Asiyebahatika huhakikishiwa mmoja afikapo kura ya 90, lakini huenda akawa si yule aliyemtaka. Ikiwa hivyo, yampasa kuanza upya, na kumpata amtakaye kunaweza kuchukua hadi kura 180.

Kifurushi kikubwa cha vito kimekuwa kikiuzwa takriban dola 100 za Marekani, nacho hutosha kura 50 hivi. Kwa hesabu hiyo, anayelipia kura zote 90 hutumia karibu dola 180, ambazo ni zaidi ya Sh23,000. Akilazimika kufika kura ya 180, gharama hukaribia Sh46,000. Fedha hizo zinakwenda kwa mhusika mmoja ambaye hawezi kuuzwa wala kurithishwa.

Kulipa nako kumerahisishwa. Tangu 2022 mteja wa M-Pesa anaweza kupata kadi ya Visa isiyoshikika na kununua bidhaa ng'ambo akiwa kitandani. Mzazi anayemwachia mtoto rununu yenye namba ya siri anayoijua amemwachia pia mkoba.

Wazazi wa eneo hili, ambao wengi wao ni Waislamu, huenda wakauliza kama hii si kamari. Mchezaji hashindi fedha, na hilo ndilo jibu ambalo makampuni hupenda kulitoa. Lakini analipa fedha halisi kwa kitu asichokijua, na tumaini la kura ijayo ndilo linalomfanya alipe tena. Si wazazi wa Garissa peke yao wenye shaka. Januari 2025, kampuni inayosambaza mchezo huo ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani iliyodai kuwa watoto na vijana walipotoshwa kuhusu gharama halisi ya kura hizo. Ilikubali pia kutowauzia walio chini ya umri wa miaka 16 nchini humo bila idhini ya wazazi.

Mashujaa ni wa nani?

Jambo la tatu mchezaji mpya hulihisi kabla ya kulitaja. Wahusika husema Kichina, Kijapani, Kikorea au Kiingereza. Kiswahili na Kisomali hazimo, wala katika maandishi. Jangwa limo, kwani nchi ya Sumeru iliyoongezwa 2022 ina michanga na magofu. Nchi ya Natlan, iliyofuata Agosti 2024, ilikopa majina na tamaduni zikiwemo za Afrika, lakini wahusika wake wengi walichorwa kwa ngozi nyeupe, jambo lililozua malalamiko ya wachezaji na hata baadhi ya waigizaji wa sauti.

Si kwamba eneo hili halina hadithi za kujaza ulimwengu kama huo. Wasomali humsimulia Dhegdheer, jike la kutisha lenye sikio refu linalosikia mapito ya mbali, na hula watu. Mto Tana unaopita Garissa huishia baharini karibu na Kipini, katika nchi ya masimulizi ya Fumo Liongo, shujaa aliyefungwa gerezani akatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Mtunzi yeyote wa michezo angeitamani hadithi hiyo.

Waafrika waliojaribu wapo. Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, mchezo wa mwanamke anayesaka vitu vya kale vya Afrika. Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion, mchezo wa kifantasia uliojengwa kwa misingi ya Kiafrika, mwaka 2016.

Mfano ulio karibu zaidi na Dadaab ni wa Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mamake alidunduiza kwa miaka mitatu kumnunulia tarakilishi ya mapajani, naye akawa akitembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Alijifunza mwenyewe kutengeneza michezo, akatunga Salaam, ambamo mchezaji hutoroka vita akitafuta maji, chakula na dawa. Mwaka 2018 alitambuliwa katika hafla ya tuzo za michezo ya video nchini Marekani.

Mayen naye alianza kwa kucheza michezo ya watu wengine. Kwa kijana wa Garissa anayeanza leo, tahadhari ni tatu: aweke kikomo cha bando na saa, asiihusishe M-Pesa ya mzazi na mchezo, na asinunue kura kwa fedha ya matumizi. Akishayazingatia hayo, aitazame Teyvat kwa jicho la fundi: kwa nini kijisanduku kimewekwa pale, na kwa nini kilele kinaonekana kutoka hapa. Siku atakapotaka kumweka Dhegdheer nyikani au Liongo gerezani, maswali hayo ndiyo atakayoanza nayo.