Ushauri wa Kisheria: Siri ya Gavana?

Je, bunge la kaunti laweza kudai ushauri wa kisheria aliopewa gavana? Kifungu cha 195 cha Katiba ya Kenya (2010) huyapa mabunge ya Kitui na Makueni, sawa na mengineyo, uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai hati. Walakini Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 hulinda siri ya kitaaluma. Basi mteja wa mwanasheria wa kaunti ni nani: gavana, au mkulima wa maembe amlipaye kwa kodi? Makueni yajua gharama ya kutoaminiana. Mzozo wa gavana na bunge ulizaa tume, na mwaka 2015 Rais Kenyatta alikataa kuivunja kaunti. Sheria hiyohiyo huiachia mahakama kuamua iwapo maslahi ya umma yaizidi siri.