Kuuliza na Kujibu: Jumuiya ya Watumiaji wa R na Nafasi Yetu Ndani Yake

Katika idara zetu za lugha, hesabu imezoeleka kuonwa kama kazi ya jirani. Mtafiti wa Kiswahili hurekodi mazungumzo, huyaandika, huhesabu ni mara ngapi msemaji amefuata upatanisho wa ngeli na ni mara ngapi ameuacha. Lakini anapotaka kujua kama tofauti aliyoiona kati ya vijana na wazee ni tofauti ya kweli au imezuka kwa bahati tu, humwendea mwenzake wa uchumi au wa tiba, mwenye programu ya takwimu iliyonunuliwa na mradi fulani. Mradi ukimalizika, leseni nayo humalizika, na data hubaki zimefungwa katika faili ambalo hakuna awezaye kulifungua. Wengi wetu tunazijua tasnifu zilizokwama hapo.

Makala haya yanahusu programu iitwayo R, na hasa jumuiya ya watu wanaoitumia. Hatukusudii kufundisha R yenyewe, kwani vitabu vya kazi hiyo vipo. Tunakusudia kueleza jinsi mtu anavyoingia katika jumuiya hiyo, kwa sababu wanafunzi wetu wengi wamekwisha kuiweka programu katika kompyuta zao, ila wao wenyewe wangali wamesimama nje ya mlango.

R ilianzishwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walihitaji chombo cha kufundishia takwimu, wakakijenga kwa kufuata mfano wa lugha ya S, iliyoanza kutungwa mwaka 1976 na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell huko Marekani. Jina la R latokana na herufi ya kwanza ya majina yao wote wawili, na pia ni mzaha mdogo juu ya jina la S. Mwaka 1993 walianza kuwagawia watu wengine nakala. Mwaka 1995, kwa kushawishiwa na Martin Mächler wa Zurich, wakaitoa chini ya Leseni ya Umma ya GNU, yaani kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa bila kulipa. Mwaka 1997 kukaundwa kundi dogo la wasimamizi, na mjini Vienna Kurt Hornik na Fritz Leisch wakafungua ghala la programu liitwalo CRAN. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000.

Tumetaja tarehe hizi kwa sababu moja. Barua zilizokuwa zikiwafikia walimu wale wawili, zikieleza kasoro na kupendekeza marekebisho, ziliwazidi nguvu kabla hata ya toleo la kwanza kukamilika. Kwa hiyo jumuiya haikuja baadaye kama wateja wanavyokuja dukani baada ya duka kufunguliwa. Jumuiya ndiyo iliyoijenga nyumba. Leo CRAN ina vifurushi zaidi ya 20,000, yaani nyongeza zilizoandikwa na watumiaji kwa ajili ya kazi maalumu, tangu uchunguzi wa magonjwa ya mlipuko hadi uchambuzi wa matini.

Mkongomani akisikia habari za kazi ya pamoja isiyo na malipo hukumbuka salongo. Kulinganisha huko kunafaa kwa kiasi fulani tu, maana salongo ya zamani ilikuwa na mwenye kuamuru na mwenye kuogopa. R yafanana zaidi na likelemba: kila mmoja hutoa kidogo, na zamu ya kupokea humfikia. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeandika daftari la madeni. Mtu aweza kupokea miaka kumi bila kutoa kitu, na hakuna atakayemdai. Atakachokosa ni kujulikana, na siku atakapokuwa na swali gumu hakuna atakayelitambua jina lake.

Mlango wa kuingilia ni swali. Tuchukue mfano wa mwanafunzi ambaye siku ya kutetea tasnifu yake imekaribia. Anaandika: «Programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni haraka.» Hapati jibu. Anadhani amedharauliwa kwa sababu ya Kiingereza chake au kwa sababu ya nchi anakotoka. Huenda mara nyingine ni hivyo, nasi hatutaki kudai kwamba dharau haipo. Lakini katika hali nyingi sababu ni nyepesi zaidi: msomaji wa swali lile, aliyekaa Nairobi au Toronto, hana cha kushika. Hajui data zina sura gani, hajui amri ipi iliandikwa, wala hajui kilichotarajiwa.

Desturi ya jumuiya yadai kwamba swali libebe mfano unaoweza kurudiwa. Muulizaji huchukua mistari michache ya data, mitano au sita, au hubuni mingine ya namna hiyo hiyo. Huandika amri zote zinazohitajika ili kosa litokee, bila kuacha hata moja na bila kuongeza zisizohusika. Husema alitarajia nini na alipata nini, akinakili ujumbe wa kosa neno kwa neno badala ya kuusimulia. Mwishoni huonyesha toleo la R analolitumia, jambo ambalo amri sessionInfo() hulitimiza mara moja. Iko pia amri dput(), inayoyaandika majedwali kwa namna ambayo mtu mwingine aweza kuyanakili na kuyapata kama yalivyo. Kwa watafiti wa lugha kuna sharti la ziada: majina na siri za wasemaji waliotuamini zisitolewe hadharani. Ndiyo maana tunapendelea data za kubuni kuliko kipande cha data halisi.

Mtu asiyezoea huona masharti haya kuwa usumbufu. Lakini atakayejaribu kuyatimiza atagundua jambo la ajabu kidogo: mara nyingi kosa hujitokeza lenyewe wakati anapotayarisha mfano, na swali halitumwi tena.

Kwetu Kongo kuna kosa moja linalojirudia kiasi kwamba lastahili kuelezwa kwa kirefu. Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa. Katika mpango huo sehemu za desimali hutengwa kwa mkato, na jedwali likihifadhiwa kama maandishi matupu, safu hutengwa kwa nukta-mkato. R kwa kawaida hutarajia kinyume chake: nukta kwa desimali, mkato kwa safu. Mwanafunzi akitumia amri read.csv() kama kitabu cha Kiingereza kilivyomwelekeza, jedwali lake huvurugika: safu zote hubanwa pamoja, au namba hukatwa katikati, palipo na mkato wake. Akirekebisha alama ya safu peke yake na kusahau ile ya desimali, jedwali huonekana zuri kabisa machoni, lakini namba zake kwa R si namba tena bali ni maneno. Akiomba wastani, hupewa herufi NA, alama ya thamani isiyopatikana, pamoja na onyo. Dawa yake ni amri nyingine, read.csv2(), iliyotungwa kwa ajili ya nchi zenye desturi kama yetu. Kujua jambo hili kwaweza kuokoa juma zima la kazi.

Nayo NA ni kosa lenye huruma, kwa kuwa lapiga kelele. Zamani lilikuwapo lililo baya kuliko hilo. Kabla ya mwaka 2020, R ilipokuta safu ya maneno iliigeuza yenyewe kuwa orodha ya makundi, na kila kundi likapewa namba ya siri kwa kufuata mpangilio wa alfabeti. Tuseme muda wa mazungumzo matatu ulikuwa dakika 12,5 na 30,2 na 8,0. Yakichukuliwa kama maneno, «12,5» hutangulia, «30,2» hufuata, na «8,0» huja mwisho. Mtu aliyejaribu kuyarudisha kuwa namba kwa njia ya mkato alipewa 1, 2 na 3, bila onyo lolote. Wastani wake ukawa 2, ilhali wastani wa kweli ni 16,9. Watumiaji walilalamikia mwenendo huo kwa miaka mingi. Wasimamizi walisita, kwani kuubadili kungeweza kuvunja programu za maelfu ya watu. Hatimaye, toleo la 4.0.0 lilipotoka mwezi wa Aprili 2020, mwenendo huo ukaondolewa, na waandishi wa vifurushi wakalazimika kurekebisha kazi zao. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri, yenye mifano, yana uzito katika jumuiya hii hata yakitoka kwa mtu asiye na cheo.

Haifai hata hivyo kuipaka sifa tupu. Kwa miaka mingi wajibuji wa R walisifika kwa ukali. Baadhi ya kauli zao za kejeli zilikusanywa hata katika kifurushi kiitwacho fortunes, na wasomaji wengine hucheka, wengine hawacheki. Wanawake walikuwa wachache mno miongoni mwa waandishi wa vifurushi. Mwaka 2012 Gabriela de Queiroz alianzisha R-Ladies mjini San Francisco, kundi la kufundishana na kutiana moyo, ambalo limeenea katika miji mingi ya dunia, Nairobi ikiwamo. Mikutano ya watumiaji iitwayo useR!, iliyoanza Vienna mwaka 2004, imewekewa kanuni za adabu. Kwa maoni yetu, mabadiliko haya yameisaidia R kuliko vifurushi vingi vinavyosifiwa.

Tuje sasa kwenye jambo linaloihusu idara ya Kiswahili moja kwa moja. Tangu toleo la 2.1.0 la mwaka 2005, ujumbe ambao R humpa mtumiaji waweza kutafsiriwa, na kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea. Kwa sababu hiyo kompyuta ya Lubumbashi iliyopangwa kwa Kifaransa hutoa makosa kwa Kifaransa. (Anayeuliza wageni afanye vyema kwanza kuigeuza kwa amri Sys.setenv(LANGUAGE = "en"), ili wasomaji wengi zaidi wamwelewe.) Kuutafsiri ujumbe huo kwa Kiswahili hakumhitaji mtaalamu wa hesabu peke yake. Kwamhitaji mtu anayejua sarufi.

Tazama ujumbe mmoja tu, unaosema kwamba kitu fulani hakikuonekana. Jina la kitu hicho huwekwa na kompyuta wakati wa kazi. Mtafsiri huliachia nafasi tupu. Katika Kiingereza hakuna taabu. Katika Kiswahili, ikiwa jina ni umri, twasema haukuonekana. Ikiwa ni majina, hayakuonekana. Ikiwa ni msemaji, hakuonekana. Kompyuta haijui ngeli. Hapana budi basi kutanguliza neno litakaloushika upatanisho: «kitu kiitwacho umri hakikuonekana», na hivyo hivyo kwa kila jina lijalo. Pana pia taabu ya msamiati. Neno hoja, likichukuliwa kwa thamani inayopewa amri, humfanya msomaji afikirie mjadala. Safu, kwa wengine, ni mstari wa kulala na kwa wengine ni wa kusimama. Sisi hapa tumeitumia kwa maana ya pili, tukijua kwamba wako watakaotupinga. Maswali haya ni ya kwetu. Yakijibiwa na watu wasioisema lugha, tutapokea tafsiri zitakazotuchekesha kwanza, kisha zitatukwaza.

Njia nyingine ya kuchangia ni data zenyewe. Harald Baayen alipochapisha mwaka 2008 kitabu chake cha kuchambua data za lugha kwa R, aliambatanisha kifurushi kiitwacho languageR chenye majedwali yote ya kitabu, na wanafunzi wa isimu wakajifunzia humo. Jedwali la upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha miji yetu, likiwa limeondolewa majina ya wasemaji na kuandikiwa maelezo mazuri, lingeweza kuwa kifurushi cha namna hiyo. Hata mchango mdogo kuliko huo hupokelewa: kuripoti kosa la maandishi katika ukurasa wa msaada, au kuandika katika tasnifu kwamba R na vifurushi fulani vilitumika. Amri citation() hutoa maneno yanayotakiwa, na kwa njia hiyo waandishi wa vifurushi, ambao wengi wao ni walimu kama sisi, huweza kuonyesha kwa wakuu wao kwamba kazi yao inasomwa.

Imebaki hoja ya umeme na bei ya intaneti, ambayo wanafunzi huitaja kwanza, nasi tumeiweka mwisho kwa kuwa ina ufumbuzi kwa sehemu. R haihitaji mtandao ili kufanya kazi. Kurasa zake za msaada zimo ndani ya kompyuta, na vifurushi vingi huja na mwongozo wake. Mtu mmoja aweza kupakua mafaili ya vifurushi siku ambayo mtandao upo, akayaweka katika diski ndogo, wenzake wakayasimika bila kutumia mtandao hata kidogo. Muhimu ni kukumbuka kupakua pia vile vifurushi ambavyo kifurushi kikuu hutegemea. Swali nalo laweza kutayarishwa jioni, katika giza, kwa betri iliyobaki, kisha likatumwa asubuhi.