Samaki Mkunje Angali Mbichi: Bumala Nayo Yataka Ramani

Siku moja ya soko niliwachukua wanafunzi wangu wa Jiografia wa kidato cha tatu hadi Bumala, pale barabara itokayo Mumias kupitia Butula inapokutana na ile kuu ya Kisumu kwenda Busia. Tulikuwa na kamba ya mita 30, madaftari na kalamu za risasi. Kazi yao ilikuwa nyepesi: kuchora ramani ya mahali wanapopaona kila siku. Kufikia adhuhuri walikuwa wamehesabu vibanda vilivyosimama ndani ya hifadhi ya barabara, wamefuata mtaro mmoja hadi ulipofia nyuma ya bucha, na wamepima umbali kati ya kisima na choo cha shimo cha jirani. Ulikuwa mita 9, na choo chenyewe kiko upande wa juu wa mteremko.

Mwenye kisima, mzee mtulivu, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Sasa, mwalimu, nikihamishie wapi?" Kiwanja chake ni futi 50 kwa 100, na kila pembe imekwisha kujengwa. Tulipokuwa tukiondoka, msichana mmoja alinisogelea akaniambia, "Mwalimu, hii tunayoichora ni ramani yetu. Ile ya serikali iko wapi?"

Maswali hayo mawili sikuweza kuyajibu. Nimeishi hapa miaka mingi, wala sijapata kuiona ramani ya mji ikitundikwa sokoni, kwa chifu au shuleni. Kama imo kabatini mahali fulani, mzee yule haimfai kitu.

Nchi yetu haikosi wapangaji wa miji. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikiwafunza tangu mwaka 1971. Aidha, kazi ya walimu na wanafunzi wake imeonekana waziwazi huko Mukuru, mitaa ya mabanda iliyo katika eneo la viwanda la Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Chuo hicho, pamoja na vyuo vingine na chama cha Muungano wa Wanavijiji, kiliingia kazini. Wataalamu wa maji, afya, elimu, ardhi na fedha waliketi meza moja na wenyeji, na kila nyumba 10 zikachagua mtu wa kuzisemea. Hayo yalifanyika mahali penye familia zaidi ya 100,000, juu ya ardhi ambayo hati zake zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Baada ya mwaka 2020 barabara kadhaa zilitiwa lami na hospitali zikajengwa.

Wenzetu wa Tanzania nao wana la kusimulia. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, mtaa wa Dar es Salaam uliokuwa ukisumbuliwa na mafuriko, walichimba mitaro na kutengeneza barabara zao wenyewe kwa ujira. Katika kazi hiyo walishirikiana na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, kilichofanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 1996 na kuwa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007.

Kazi hizo nazisifu kwa moyo mkunjufu. Lakini, mpenzi msomaji, tazama ni wakati gani mtaalamu aliitwa. Aliitwa mji ulipokuwa umekwisha kufurika. Palipohitajika barabara, palikuwa na nyumba ya mtu. Palipohitajika bomba, palikuwa na kitanda cha mtoto. Na mji uliojaa hauna huruma: mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa makao ili barabara ipite, ilhali mpango wa eneo lao ulikuwa umetayarishwa kwa jasho jingi. Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sisi twangoja akauke, kisha twashangaa anapovunjika mikononi.

Bumala angali mbichi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Butula ilikuwa na watu 140,334 kati ya 893,681 wa Kaunti ya Busia. Mashamba ya miwa na mahindi yaliyo kando ya barabara yanakatwa viwanja mwaka baada ya mwaka, na mwenye kununua hujenga akiutazama mpaka wake tu. Barabara yenyewe haitanyamaza. Matrela ya kwenda Uganda na nchi za mbele yake hupita hapa kuelekea Busia, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari 2018. Biashara ikikua mpakani, kila soko lililo njiani hukua nayo.

Tusiudharau mpaka huu wetu kwa mambo ya mipango. Neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki yote, asili yake ni baiskeli zilizowavusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka hapa Busia na Malaba. Hapakuwa na ofisi iliyobuni usafiri ule. Wananchi waliona pengo wakaliziba wenyewe. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuchorewa mji na mgeni asiyemuuliza neno. Ahitaji mwenye elimu wa kuketi naye, amwonyeshe maji yatapita wapi na njia iachwe upana gani, naye aeleze wauza mboga hukaa wapi na kwa sababu gani.

Mwenye elimu huyo hayuko mbali. Chuo Kikuu cha Maseno, mwendo wa matatu usiozidi saa mbili kutoka hapa, kina kitivo cha mipango na usanifu wa majengo. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga na wa vyuo vya Gothenburg na Chalmers vya Uswidi, walifanya utafiti mjini Kisumu katika miaka ya 2010 kuhusu masoko, na kuhusu utalii wenye kuhifadhi mazingira katika ufuo wa Dunga. Ikiwa msomi wa Uswidi aliweza kufika Dunga, wa Maseno atashindwaje kufika Bumala?

Wako watakaosema kwamba ramani hazijengi mitaro. Ni kweli. Tena wako wenye kumbukumbu chungu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana wa chuo kimoja wakiwa na karatasi za maswali. Tukawajibu, wakapiga picha, wakaondoka, na hadi leo hatujui walichokiandika. Utafiti wa namna hiyo ni sawa na kukama ng'ombe wa mwenyewe usimwachie hata maziwa ya chai.

Kwa hiyo natoa rai. Kila mwaka kitivo kichague mji mmoja mdogo, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho waufanye kuwa kazi yao ya nyanjani. Wanafunzi wa sekondari wa hapo wawe wapimaji pamoja nao, kwani kamba na macho wanavyo. Ripoti irudi kwa Kiswahili, na ramani itundikwe sokoni ambapo muuza nyanya ataweza kuibishia. Serikali ya kaunti nayo iipokee rasmi, kwa maana Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kazi ya mipango, na sheria ya mwaka 2012 yaitaka iwe na mpango wa ardhi yake yote wa miaka 10. Wanafunzi watapata alama zao, kaunti itapata taarifa, na mji utapata dira.

Nanyi walimu wenzangu, tusingoje gari la chuo ndipo tutoke darasani. Ramani ya wanafunzi wangu, yenye mistari iliyopinda, nimeibandika ukutani. Kisima cha mzee yule kimetiwa alama nyekundu, nasi tulimshauri achemshe maji yake. Ushauri huo ni mdogo, nami naliona hilo. Jibu la swali lake halimo ndani ya kiwanja chake. Limo katika mji mzima, na mji huo bado una nafasi ya kumjibu. Mwaka hadi mwaka nafasi hiyo inakatwa futi 50 kwa 100.